Je, Wajua? Kutwa Moja Venisi

Jina la Venisi liliingia madarasani mwetu kabla wengi hatujauona mji wenyewe hata kwa picha. Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere alichapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, na vizazi vya wanafunzi vikakua vikiujua mji huu kwa mambo mawili: mkopo, na ratili moja ya nyama ya mwili. Mji upo kweli, kaskazini-mashariki mwa Italia, juu ya visiwa vidogo 118 katikati ya wangwa mpana unaotenganishwa na Bahari ya Adria kwa ndimi nyembamba za mchanga. Si mkubwa. Mwenye viatu vizuri anaweza kuanza asubuhi na kufika jioni akiwa ameona mengi.

Waliouanzisha hawakuwa na ardhi ya kujengea, wala mawe, wala mto wa maji baridi, wala mashamba ya ngano. Karibu kila kilichopo kililetwa kwa chombo. Ndiyo maana mimi huona swali linaloufungua mji huu ni moja tu: hiki kilitoka wapi? Uliza hivyo mbele ya jiwe, mbele ya farasi wa shaba, mbele ya kisima kilichofungwa kifuniko, na majibu hayaishi. Mengine yanakupeleka hadi Zanzibar na Ujiji.

Je, wajua kwamba magurudumu yanakomea mlangoni mwa mji? Reli ilivuka wangwa mwaka 1846 juu ya daraja refu la matao. Barabara ya magari ikafuata mwaka 1933, nayo inaishia kwenye uwanja mmoja pembezoni. Ukitoka kituo cha treni cha Santa Lucia unateremka ngazi, na mbele yako ni maji ya Mfereji Mkuu. Hakuna gari, hakuna pikipiki, na baiskeli ni marufuku. Mgonjwa huchukuliwa na boti, taka huzolewa na boti, zimamoto huenda kwa boti, na jeneza vivyo hivyo. Bidhaa za madukani hushushwa gatini na kusukumwa kwa mkokoteni wa aina yake, wenye magurudumu mawili makubwa na, mbele kabisa, mengine mawili madogo. Mchukuzi akifika kwenye daraja huyaegemeza yale madogo kwenye kipandio, huinua mikono ya mkokoteni, hupandisha hatua kwa hatua, huku akiwapigia kelele wapita njia wampishe. Madaraja ya mji yamezidi 400, na karibu yote yana ngazi.

Kupotea ni lazima, na si aibu. Nyumba hazihesabiwi kwa mtaa; zinahesabiwa kwa wilaya, na wilaya ziko sita. Katika wilaya ya Castello namba zinapita 6,000, na milango miwili inayotazamana inaweza kuachana kwa mamia. Kuna kichochoro kiitwacho Calle Varisco ambacho mahali kinapobana kabisa kina upana wa sentimeta 53. Fuata vibao vya njano ukutani vinavyoelekeza Rialto au San Marco, utafika.

Je, wajua kwamba majumba yote haya ya mawe yamesimama juu ya miti? Magogo yalikatwa kwenye milima ya kaskazini, yakaelea mitoni hadi wangwani, yakapigiliwa topeni moja kando ya jingine mpaka yakaubana udongo laini ukawa mgumu. Nyundo iliinuliwa kwa mikono na kundi la watu walioimba ili wavute kwa pamoja. Juu ya vichwa vya magogo zililazwa mbao nene, juu ya mbao likawekwa jiwe jeupe kutoka Istria, ng'ambo ya Adria, ambalo halipitishi maji ya chumvi kirahisi. Matofali yalianzia juu ya hapo. Chini ya daraja la Rialto kuna magogo yapatayo 12,000. Chini ya kanisa la Santa Maria della Salute, lile lenye kuba kubwa jeupe kwenye mdomo wa Mfereji Mkuu, yamezidi milioni 1.

Wengi husimulia kwamba miti hiyo imegeuka mawe. Sivyo. Bado ni miti. Fangasi wanaoozesha mbao huhitaji hewa, na ndani ya tope lililojaa maji hewa haifiki. Waliopo ni bakteria wanaoila polepole mno. Gogo linaloharibika upesi ni lile linalolowa na kukauka kwa zamu, kwa hiyo maji wanayoyaogopa watu wa Venisi ndiyo hayohayo yanayoihifadhi misingi yao.

Kanisa hilo la Salute lilijengwa kwa nadhiri. Tauni ya mwaka 1630 na 1631 iliua karibu theluthi ya wakazi, na serikali ikaahidi kanisa kwa Bikira Maria ikiwa ugonjwa utakoma. Mjenzi Baldassare Longhena aliianza kazi akiwa kijana, na kanisa liliwekwa wakfu mwaka 1687, miaka mitano baada ya kifo chake. Kila tarehe 21 Novemba hadi leo huwekwa daraja la muda juu ya Mfereji Mkuu ili watu wavuke kwa miguu kwenda kuwasha mishumaa.

Sasa kisima, jambo ambalo watalii wengi hulipita bila kulitazama. Karibu kila uwanja wa Venisi una mdomo wa kisima uliochongwa kwa jiwe, mara nyingi na nakshi za majani na simba, umefunikwa kwa kifuniko cha chuma. Ukitazama huku na huku hutaona mto wala chemchemi, na huwezi kuchimba maji baridi katikati ya wangwa. Je, wajua kwamba uwanja mzima ndio kisima? Mafundi walichimba shimo pana chini ya uwanja, wakazipaka kuta zake udongo wa mfinyanzi mzito ili maji ya chumvi yasipenye, wakalijaza mchanga safi. Katikati waliinua bomba la matofali. Kisha uwanja ukatandikwa mawe kwa mteremko mdogo kuelekea kwenye vitundu viwili au vinne vilivyotobolewa katika vipande vya mawe meupe. Vitafute: bado vipo, hatua chache kutoka kwenye mdomo wa kisima. Mvua iliponyesha maji yaliingia vitunduni, yakachujwa na mchanga, yakajikusanya ndani ya bomba yakiwa safi. Mvua ilipokosekana, maji yaliletwa kwa majahazi kutoka mto Brenta wa bara na kumwagwa humo humo. Mji wa mabaharia matajiri uliishi kwa maji ya mvua hadi mwaka 1884, bomba la maji ya bara lilipofika. Kwangu, ubunifu wa kazi hii unashinda dhahabu yote ya kanisani.

Dhahabu nayo ipo. Ndani ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Marko michoro ya vipande vya kioo na dhahabu imefunika zaidi ya mita za mraba 8,000 za kuta na dari. Na mtakatifu mwenyewe? Je, wajua kwamba aliletwa kutoka Misri kwa siri? Mapokeo yanasema kwamba mwaka 828 wafanyabiashara wawili wa Venisi, Buono na Rustico, waliuchukua mwili wa Mtakatifu Marko kutoka Iskanderia wakauficha kapuni chini ya nyama ya nguruwe, wakijua maofisa Waislamu wa forodha hawataigusa. Tazama juu ya milango ya mbele upande wa kulia: tukio hilo limechorwa, na maofisa wanaonekana wakirudi nyuma kwa karaha. Hapo ndipo simba mwenye mabawa, alama ya Marko, alipoanza kuwa alama ya mji. Mwaka 1968 Papa Paulo VI alilirudishia Kanisa la Kikopti sehemu ya masalia hayo, yakapelekwa Kairo.

Farasi wanne wa shaba walio juu ya mlango wana safari ndefu zaidi. Walisimama Konstantinopoli, penye uwanja wa mashindano ya magari ya farasi, hadi jeshi la Vita vya Msalaba lilipoupora mji huo mwaka 1204 kwa msaada wa meli za Venisi. Mwaka 1797 Napoleon akawachukua hadi Paris. Mwaka 1815 wakarudishwa. Wanaoonekana nje leo ni nakala. Wenyewe wako ndani, orofa ya juu, na inafaa kupanda kuwaona kwa karibu, kwa sababu mikwaruzo ya kwenye ngozi yao ya dhahabu haionekani ukiwa chini.

Mnara wa kengele ulio mkabala una urefu wa karibu mita 99. Mwezi Agosti 1609 Galileo aliwapandisha wakuu wa serikali juu yake akawaonyesha darubini, nao wakaona meli saa mbili na zaidi kabla hazijaonekana kwa macho matupu. Asubuhi ya tarehe 14 Julai 1902 mnara uliporomoka wote. Nyufa zilikuwa zimeonekana mapema na uwanja ulikuwa umefungwa, kwa hiyo hakufa mtu. Uliosimama leo ni mnara mpya uliojengwa mahali palepale kwa umbo lilelile, ukafunguliwa tarehe 25 Aprili 1912.

Je, wajua jinsi kiongozi wa mji, aliyeitwa Doge, alivyochaguliwa? Ingia Kasri la Doge, katika ukumbi wa Baraza Kuu, ambako mchoro wa Tintoretto wa Peponi umejaza ukuta wenye upana wa zaidi ya mita 20, kisha fikiria yafuatayo. Tangu mwaka 1268, Doge alipofariki, diwani kijana kuliko wote alitumwa kanisani kusali. Akitoka nje alimshika mkono mtoto wa kiume wa kwanza aliyemwona uwanjani, wa miaka minane hadi kumi hivi, na mtoto huyo ndiye aliyetoa mipira ya kura chomboni. Kwa kura ya bahati wakapatikana madiwani 30. Kwa bahati tena wakapunguzwa wakabaki 9. Hao 9 wakachagua 40. Bahati ikawapunguza wakawa 12. Hao 12 wakachagua 25, wakapunguzwa hadi 9. Hao 9 wakachagua 45, wakapunguzwa hadi 11. Na hao 11 ndio walioteua watu 41 wa mwisho, ambao walifungiwa ndani ya kasri mpaka mtu mmoja apate kura zisizopungua 25.

Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini ilikusudiwa. Hakuna familia iliyoweza kujua mapema ni nani wa kumhonga. Doge mwenyewe alifungwa kamba kila upande: hakuruhusiwa kufungua barua za serikali za kigeni akiwa peke yake, wala kutoka nje ya mji bila idhini, na akifa hesabu zake zilikaguliwa na warithi wangeweza kutozwa faini. Utaratibu huu ulidumu zaidi ya miaka 500, hadi tarehe 12 Mei 1797, Baraza Kuu lilipopiga kura ya kujivunja mbele ya jeshi la Napoleon. Katika safu ya picha za Madoge chini ya dari ya ukumbi huo, moja imefunikwa kwa kitambaa cheusi kilichochorwa. Ni nafasi ya Marin Falier, aliyejaribu kujifanya mtawala wa peke yake akakatwa kichwa mwaka 1355. Wenzake waliona ni afadhali pengo lake lionekane kuliko kuifuta picha kabisa.

Uwanja wa San Marco, ulio mbele ya kanisa kuu, una mkahawa wa Florian, unaouza kahawa tangu mwaka 1720. Bei yake ni ya juu, na muziki ukipigwa unalipia zaidi. Njiwa bado wapo, ila kuwauzia watalii nafaka ya kuwalisha kulikatazwa mwaka 2008.

Kabla hujaondoka hapo, vuka mpaka upande wa Maktaba ya Marciana. Humo imehifadhiwa ramani ya dunia iliyochorwa na mtawa Fra Mauro katika miaka ya 1450. Ni duara la karibu mita 2, limejaa rangi ya samawati na dhahabu na maandishi madogo yapatayo 3,000. Mgeni huona haraka kwamba kuna kitu hakikai sawa: kusini iko juu, na Afrika imetawala sehemu ya juu kulia. Je, wajua kwamba jina la Zanzibar limo, limeandikwa Xengibar? Fra Mauro hakuwahi kufika. Aliketi katika monasteri yake kisiwani akawahoji wasafiri, wakiwemo watu wa dini kutoka Ethiopia waliomchorea mito na miji ya kwao kwa mikono yao. Kutokana na habari hizo aliandika jambo lililowapinga wataalamu wa kale: kwamba Bahari ya Hindi haikuzingirwa na nchi kavu, na chombo kinaweza kuizunguka Afrika kwa kusini. Hiyo ilikuwa miaka ipatayo 40 kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi mwaka 1498. Na njia hiyo ilipofunguka, Wareno walianza kuleta pilipili manga kutoka India bila kupitia Iskanderia, na faida kubwa ya Venisi ikaanza kuvuja.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Rialto. Daraja la mawe lilijengwa kati ya mwaka 1588 na 1591, tao moja tu la karibu mita 28 na maduka juu yake, kwa hiyo Shakespeare alipoandika tamthilia yake miaka michache baadaye lilikuwa bado jipya. Penye Rialto ndipo zilipopangwa bei za hariri, chumvi na pilipili. Sokoni hapo, upande wa samaki, kuna jiwe ukutani linaloorodhesha urefu mdogo kabisa ambao kila aina ya samaki inaruhusiwa kuuzwa. Fika asubuhi, mchana wauzaji wameshaosha meza.

Ukitaka kumwelewa Shailoki, yule mkopeshaji Myahudi wa tamthilia hiyo, nenda wilaya ya Cannaregio. Mwaka 1516 serikali iliamuru Wayahudi wote waishi kwenye kisiwa kimoja chenye malango yaliyofungwa usiku, na walinzi wa malango walilipwa na Wayahudi wenyewe. Kukopesha fedha kwa riba ilikuwa miongoni mwa kazi chache walizoruhusiwa. Je, wajua kwa nini nyumba za hapo ni ndefu kuliko za mitaa mingine? Watu waliongezeka lakini mipaka haikuongezwa, basi wakajenga kwenda juu, orofa saba hata nane, dari zikiwa chini mno. Hesabu madirisha ya nyumba za uwanjani na utaona yalivyobanana. Masinagogi yamo orofa za juu, hayajulikani kutoka nje isipokuwa kwa madirisha matano yaliyopangwa safu. Malango yalichomwa mwaka 1797. Katika miaka ya 1943 na 1944 zaidi ya Wayahudi 200 wa mji huu walikamatwa na kupelekwa kwenye kambi za mauaji. Majina yao yameandikwa uwanjani hapo. Simama uyasome.

Je, wajua kwamba gondola imepinda kwa makusudi? Ina urefu wa karibu mita 11, imeundwa kwa vipande 280 vya aina nane za mbao, na ubavu wake wa kushoto ni mpana kuliko wa kulia kwa sentimeta 24. Mpiga kasia ni mmoja, anasimama nyuma upande wa kushoto, na kasia lake moja linachota upande wa kulia. Chombo kingekuwa sawa pande zote kingekuwa kinazunguka; mpindo huo ndio unaokinyoosha. Kasia linaegemea kwenye kigogo cha mti wa jozi kilichochongwa mikunjo kadhaa, na kila mkunjo una kazi yake: huu wa kwenda mbele, huu wa kurudi nyuma, huu wa kusimama. Kazi hii ilirithiwa na wanaume kwa karne nyingi hadi Giorgia Boscolo alipopata leseni, wa kwanza kwa wanawake, mwaka 2010. Safari ya nusu saa mchana ni euro 90. Asiyetaka kulipa kiasi hicho avuke Mfereji Mkuu kwa gondola ya kivuko, euro 2 tu.

Wanawake wa Venisi walitangulia kwingine pia. Elena Cornaro Piscopia, aliyezaliwa mwaka 1646 katika jumba ambalo leo ni sehemu ya ofisi za manispaa karibu na Rialto, alipokea shahada ya udaktari wa falsafa huko Padova mwaka 1678, mwanamke wa kwanza anayejulikana kupewa udaktari huo na chuo kikuu.

Mchana panda boti kuelekea Murano. Mwaka 1291 serikali iliamuru tanuri za kioo zihamie kisiwa hicho kwa kuhofia moto, kwa kuwa mji ulikuwa na nyumba nyingi za mbao. Mafundi walipewa heshima kubwa na kufungwa papo hapo: kuondoka na siri ya kioo kulihesabiwa kosa dhidi ya dola. Watalii hupelekwa kutazama farasi wa kioo akivutwa kwa koleo ndani ya dakika moja. Mimi ningekushauri uende Jumba la Makumbusho ya Kioo ukatazame shanga.

Je, wajua kwamba shanga nyingi zilizobebwa na misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyamwezi zilitoka hapa? Namna ya kuzitengeneza ilikuwa hivi. Fundi alichota donge la kioo kilichoyeyuka na kuacha tundu la hewa katikati. Mwenzake akalishika upande wa pili, kisha wakaachana mbio, mmoja huku na mwingine kule, kioo kikivutika kati yao mpaka kikawa bomba jembamba la makumi ya mita, na tundu limo lote mwanzo hadi mwisho. Bomba likakatwa vipande vidogo, vipande vikachanganywa na unga wa mkaa na chokaa ili tundu lisizibe, vikazungushwa motoni mpaka kingo kali zikalainika. Kilichobaki ni kutunga. Kazi hiyo ilifanywa na wanawake vibarazani mwao, hasa katika wilaya ya Castello: trei la shanga mapajani, sindano nyingi ndefu zimekunjuliwa mkononi mfano wa upepeo, wakizitumbukiza na kuziinua, kila sindano ikitoka imejaa. Walilipwa kidogo mno. Wengi hawakuwahi kujua nani atavaa.

Wavaaji walikuwa Tabora, Ujiji, Karagwe na Manyema. Richard Burton, aliyepita njia hiyo kuanzia mwaka 1857, aliandika kwamba kila nchi ilikuwa na rangi yake, na mfanyabiashara aliyebeba rangi isiyotakiwa angeweza kulala njaa huku magunia yake yamejaa. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa nyekundu iliyoitwa samesame, ambayo watu wa pwani waliipa pia jina la kifungamji. Mtindo ulibadilika bila taarifa. Shanga ya mwaka jana ilikataliwa mwaka huu. Stanley alipojiandaa Zanzibar mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone alinunua magunia 22 ya shanga baada ya kuwahoji wafanyabiashara wa misafara kuhusu ladha ya kila nchi. Katika soko la Ujiji shanga zilikuwa fedha kamili, na walikuwepo wabadilishaji wa shanga mlangoni mwa soko kama walivyopo wabadilishaji wa dola mipakani leo. Kwa shanga hizo vilinunuliwa mtama, kuku na pembe za ndovu. Walinunuliwa pia watu. Anayezishika mkononi Murano na kuzisifu kwa uzuri wake ni vyema ajue na hilo.

Ukinunua kitu kisiwani, tafuta alama ya Vetro Artistico Murano. Madukani kumejaa kioo cha bei rahisi kilichotengenezwa mbali.

Boti ya kurudi husimama San Michele, kisiwa cha kuta za matofali mekundu na misonobari myeusi. Ni makaburi ya mji tangu zama za Napoleon. Hapa ndipo ilipokuwa monasteri ya Fra Mauro. Na hapa kuna jambo ambalo wasomaji wetu wengi, Waislamu kwa Wakristo, hawajalisikia: je, wajua kwamba Kurani ya kwanza kuchapwa kwa mashine kwa herufi za Kiarabu ilichapwa Venisi? Wachapishaji Paganino na Alessandro Paganini, baba na mwana, waliifanya kazi hiyo mwaka 1537 au 1538, pengine wakitarajia kuiuza katika dola ya Uthmaniya. Haikuwezekana. Herufi zilikuwa na makosa. Dali na dhali, kwa mfano, hazikutofautishwa, na msomaji yeyote wa Kiislamu angeona kasoro hiyo katika mistari ya kwanza tu. Biashara ilikufa, nakala zikatoweka, na kwa karne nyingi wanazuoni walidhani zote ziliteketezwa. Mwaka 1987 mtafiti wa Kiitaliano Angela Nuovo aliikuta moja katika maktaba ya watawa wa kisiwa hiki. Hadi sasa ndiyo nakala pekee inayojulikana duniani.

Jioni ukirudi uwanjani San Marco, hasa kati ya Oktoba na Januari, unaweza kusikia king'ora. Ni onyo la maji makuu, na idadi ya sauti inaeleza kimo: sauti moja ni sentimeta 110, mbili 120, tatu 130, nne 140 na zaidi. Tarehe 4 Novemba 1966 maji yalifika sentimeta 194, na tarehe 12 Novemba 2019 yakafika 187. Tangu Oktoba 2020 milango 78 ya chuma iliyolazwa chini ya bahari kwenye midomo mitatu ya wangwa hujazwa hewa, huinuka na kuizuia bahari. Kwa kawaida huinuliwa maji yakitarajiwa kufika sentimeta 110. Uwanja wa San Marco, ulio chini kuliko sehemu nyingi za mji, huanza kulowa mapema zaidi, kabla maji hayajafika sentimeta 90. Ndiyo sababu kanisa kuu limezungushiwa ukuta mfupi wa vioo tangu mwaka 2022.

Jambo la kushangaza ni mahali maji yanapotokea. Mgeni husimama akikodolea macho ukingo wa bahari, na maji yanamtokea nyuma yake, katikati ya uwanja, kupitia vitundu vya mifereji ya mvua vilivyo sakafuni. Ukienda Novemba, beba mabuti ya mpira yanayofika magotini. Na kuanzia mwaka 2024 anayekuja kwa siku moja bila kulala hulipia kiingilio katika tarehe maalumu zinazotangazwa, kwa hiyo angalia kalenda ya manispaa kabla ya kukata tiketi ya treni.